Nani Ataupima Moyo Endebess?

Endebess iko pale ambapo mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia yanaanza kuukwea Mlima Elgon. Kitale iko umbali wa yapata kilomita 20, na upande wa pili ni Suam, mpakani na Uganda. Lami imepunguza adha ya safari, lakini mtu anayehema usiku na kuvimba miguu bado ana milango mingi ya kubisha kabla hajampata wa kumwambia moyo wake una nini. Huanzia hospitali ya kaunti ndogo hapo hapo Endebess, hupelekwa Kitale, na mara nyingi huishia Eldoret katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, safari nyingine ya kilomita 70 hivi.

Katika safari hiyo kila mtu anamjua daktari na anamjua nesi. Wachache wanamjua mtu wa kati: yule anayembandika mgonjwa nyaya kifuani, anayepitisha kifaa cha mawimbi ya sauti juu ya mbavu, anayepima upana wa vyumba vya moyo na kasi ya damu inayopita kwenye vali, kisha akamwandikia daktari ripoti. Uingereza mtu huyo huwa na shahada ya fiziolojia ya moyo. Afrika Kusini husomea teknolojia ya kliniki na kuchagua moyo kuwa tawi lake. India shahada yake huitwa teknolojia ya moyo. Kenya kazi yake ipo na hufanywa kila siku, ila imegawanywa vipande: kingine kwa afisa wa kliniki, kingine kwa mtaalamu wa eksirei na altrasaundi, na kilichobaki humsubiri daktari bingwa ambaye naye ana foleni ndefu.

Ndiyo maana mwanafunzi wa Endebess aliyefaulu biolojia, kemia na fizikia katika KCSE, na ambaye moyo ndio uliomvutia, hukwama. Akiuliza nyumbani ataambiwa aombe udaktari, uuguzi, famasia au maabara. Huo si ushauri mbaya. Hizo ndizo njia ambazo wazazi wameziona zikimfikisha mtu kwenye mshahara. Linalostahili kuchunguzwa ni kama ipo njia nyingine, inaanzia wapi, na kama akirudi nyumbani na cheti chake kuna kiti kitakachomngoja.

Masomo yenyewe huanza mbali na mashine. Mwaka wa kwanza ni anatomia, fizikia ya umeme, na kemia ya chumvi za mwili: jinsi sodiamu, potasiamu na kalsiamu zinavyoingia na kutoka kwenye seli za moyo hadi msuli ukajikunja. Mwanafunzi hujifunza kwamba moyo haungoji amri ya ubongo ili udunde. Una chanzo chake cha umeme, kifundo kidogo kilichojificha kwenye chumba cha juu cha kulia. Aliyekigundua kifundo hicho alikuwa mwanafunzi wa udaktari, Mwingereza Martin Flack, alipokuwa akiuchunguza moyo wa fuko. Yeye na mwalimu wake Arthur Keith walichapisha habari hiyo mwaka 1907. Wakati huo Willem Einthoven, huko Leiden nchini Uholanzi, alikuwa ameshaunda chombo cha kuuchora umeme huo. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1924, na herufi alizoyapa mawimbi ya mchoro wake, P, Q, R, S na T, ndizo zinazosomwa Kitale leo.

Kipimo hicho, ECG kama kinavyoitwa katika kila hospitali, huchukua dakika chache na huonekana chepesi. Wepesi huo ndio mtego. Nyaya kumi hutoa mitazamo kumi na miwili ya moyo. Karatasi husogea milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo kila kiboksi kidogo ni sekunde 0.04. Elektrodi ya kwanza ya kifuani hukaa katika nafasi ya nne kati ya mbavu, upande wa kulia wa mfupa wa kidari, na nafasi hiyo huhesabiwa kwa vidole. Anayekisia kwa macho huiweka juu mno, na karatasi hutoka na alama zinazofanana na za mtu aliyewahi kupata shambulio la moyo. Nyaya za mkono wa kulia na wa kushoto zikipishana, mchoro wa kwanza hupinduka. Mashine nyingi za siku hizi huchapa pia tafsiri yake juu ya karatasi, na ikiwa nyaya zimewekwa vibaya, tafsiri hiyo hukosea kwa kujiamini kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu huligusia tu. Mama wa miaka 60 hakuja hospitalini kuvuliwa blauzi mbele ya kijana wa rika la mjukuu wake. Mtaalamu aliyefunzwa vizuri hufunga pazia, humwachia leso yake ajifunike, humwambia, "Mama, nitabandika sita hapa kifuani, haziumi wala hazina shoti," kisha hungoja. Asubuhi za Trans Nzoia zina baridi, na misuli ikitetemeka kwa baridi au kwa woga mchoro hujaa mikwaruzo isiyosomeka. Dakika mbili za subira hapo ni sehemu ya kipimo.

Mlima Elgon wenyewe ungekuwa darasa zuri la somo hili. Upande wa Kenya ulimtoa Ben Jipcho, mshindi wa fedha wa mbio za kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Munich ya 1972. Upande wa Uganda, huko Kapchorwa, ulimtoa Joshua Cheptegei, aliyevunja rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000 mwaka 2020. Nyuma ya majina kama hayo kuna mamia ya vijana wanaokimbia alfajiri kwenye vumbi jekundu. Moyo wa mkimbiaji wa masafa marefu hutanuka, kuta zake huongezeka unene kiasi, na akiwa amepumzika unaweza kupiga chini ya mara 50 kwa dakika. Karatasi ya ECG ya kijana kama huyo, ikisomwa na mtu ambaye hajawahi kuiona nyingine kama hiyo, humtia wasiwasi bure. Hatari kubwa zaidi iko upande wa pili: kuna ugonjwa wa kurithi unaonenepesha msuli wa moyo, unaoweza kumwangusha kijana uwanjani bila onyo, na ambao kwa haraka huweza kudhaniwa ni mazoezi tu. Kutofautisha hayo mawili ndiyo kazi ya miaka mitatu au minne ya shahada.

Lakini ugonjwa unaoifanya taaluma hii iwe ya lazima vijijini ni ule unaoanzia kooni. Mtoto wa shule hupata maumivu ya koo yanayosababishwa na bakteria aina ya streptokoka. Kwa baadhi ya watoto kinga ya mwili huchanganyikiwa, hushambulia viungo vya mwili na vali za moyo, na ikirudia mara kwa mara huacha makovu. Hii ndiyo homa ya baridi yabisi. Mtoto hupona koo, hurudi shuleni, na vali huendelea kukakamaa kimyakimya kwa miaka. Wasichana wengi hugundulika wakiwa wajawazito, kwa sababu mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na vali iliyokuwa ikivumilia hushindwa.

Uchunguzi mkubwa wa kimataifa ulioitwa REMEDY ulifuatilia wagonjwa 3,343 wa aina hii katika nchi 14, Kenya na Uganda zikiwemo. Umri wa kati wa wagonjwa ulikuwa miaka 28, na thuluthi mbili yao walikuwa wa kike. Ndani ya miaka miwili, karibu asilimia 17 walikuwa wamefariki. Takwimu hizo zilichapishwa mwaka 2016, na ni vigumu kuzisoma bila kufikiria hospitali zetu: hawa si wazee waliokula chumvi nyingi, ni watu wa umri wa kulea watoto wachanga.

Vali hizo huonekana kwa eko, yaani kipimo cha mawimbi ya sauti kilichoanzishwa na Inge Edler na Hellmuth Hertz huko Lund, Sweden, mwaka 1953. Mgonjwa hulala kwa ubavu wa kushoto, hupakwa jeli ya baridi, huambiwa atoe pumzi na aishikilie. Kwenye kioo, vali yenye afya kati ya vyumba vya kushoto hufunguka na kufunga kwa upesi. Iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi hujikunja katikati kama goti, ncha zake zikiwa zimeshikana. Kisha huja hesabu: mwanya uliobaki una sentimita za mraba ngapi, damu inapita kwa kasi gani, kiasi gani kinarudi nyuma. Tofauti ya milimita chache inaweza kumhamisha mgonjwa kutoka kwenye vidonge hadi kwenye upasuaji. Huko Bomet, Hospitali ya Tenwek imekuwa ikiwapasua wagonjwa wa namna hii; ni daktari gani angetaka kufungua kifua cha mtu kwa kutegemea kipimo kilichopigwa na mtu aliyejifunza kwa kuchungulia?

Uganda imeonyesha faida ya kuwahi. Katika utafiti wa GOAL uliofanyika kaskazini mwa nchi hiyo na kuchapishwa mwaka 2021, zaidi ya watoto 100,000 walipimwa kwa eko. Watoto 818 waliokutwa na dalili za mwanzo, ambao wao wenyewe hawakuhisi lolote, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilichomwa sindano ya penisilini ya benzathini kila wiki nne kwa miaka miwili; jingine halikuchomwa. Ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa na kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Dawa yenyewe ni ya bei nafuu na ya zamani. Kitu adimu katika hesabu hiyo ni mkono ulioweza kuishika eko na jicho lililojua linatazama nini, mara laki moja.

Ukanda huu haukuanza jana kuuchunguza moyo. Mwaka 1948, Jack Davies wa Mulago, Kampala, aliandika katika jarida la tiba la Afrika Mashariki juu ya ugonjwa unaotanda makovu ndani ya kuta za moyo, ambao tangu hapo umesomwa na madaktari wa dunia nzima. Taasisi ya Moyo ya Uganda ilianzishwa mwaka 1988. Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete imekuwa ikifanya kazi tangu 2015, na habari za watu waliowekewa betri ya moyo au kuzibuliwa mishipa huko husomwa magazetini kama habari za kawaida. Eldoret, ushirikiano wa Moi na vyuo vya Indiana na Duke vya Marekani umeleta kitengo cha moyo na mafunzo ya mabingwa. Madaktari basi wanapatikana, ingawa hawatoshi. Ngazi ya chini yao ndiyo iliyo tupu.

Kenya ilishalipia fundisho la ngazi hiyo. Mwaka 2015 serikali kuu ilianza kukodi vifaa vya tiba kwa hospitali 98, mbili katika kila kaunti pamoja na nne za kitaifa. Kamati maalum ya Seneti ilipokuja kuuchunguza mpango huo, ilikuta vifaa vilivyokaa bila kazi kwa kukosa wataalamu, umeme au maji. Mashine za moyo haziko salama na hali hiyo. Kitale sasa ina Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Wamalwa Kijana, yenye jina la Makamu wa Rais aliyefariki mwaka 2003, na jengo kubwa huvutia vifaa vikubwa. Kama kaunti ingenunua eko leo, swali la kwanza kwenye zabuni lingekuwa jina la atakayeitumia Jumatatu asubuhi, na la atakayemshikia zamu akienda likizo.

Mwanafunzi wetu asomee wapi, basi?

Ndani ya Kenya njia haijanyooka. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa na utaratibu wa mwanafunzi wa udaktari kusimama mwaka mmoja ili apate shahada ya fiziolojia ya tiba, lakini hiyo ni fiziolojia ya mwili mzima, na humfaa zaidi anayetaka kufundisha au kutafiti. Njia inayotumiwa na wengi ni ya kuzunguka: stashahada ya utabibu wa kliniki au eksirei kutoka Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya (KMTC), au shahada ya uuguzi au utabibu katika vyuo kama Moi na Masinde Muliro, kisha mafunzo ya kazini kwenye kitengo cha moyo. Ni njia ndefu, lakini ina ubora wake ambao haupaswi kudharauliwa: kila hatua ina leseni na ajira yake, na aliyekwama katikati hajapotea.

Afrika Kusini ina mfumo ambao Kenya ingeweza kuuiga karibu ulivyo. Vyuo vikuu vya teknolojia kama vya Durban na Tshwane hutoa shahada ya teknolojia ya kliniki, moyo ukiwa mojawapo ya matawi, na mhitimu huandikishwa na baraza la taaluma za afya la nchi. Uingereza, Swansea ni kati ya vyuo vyenye shahada ya fiziolojia ya moyo ya miaka mitatu, na mfumo wa huko humtaka mwanafunzi atumie karibu wiki 50 hospitalini. Hapo mzazi wa Endebess anapaswa kuwa mkali. Ada ya mwanafunzi wa kigeni huko ni kubwa, na nafasi za mazoezi hospitalini hutegemea huduma ya afya ya taifa. Bila nafasi hiyo, shahada huwa ya darasani tu. India ni nafuu zaidi, huchukua miaka mitatu darasani na kwa kawaida mwaka mmoja wa mazoezi, na wagonjwa wa Kenya wamekuwa wakienda huko kwa tiba ya moyo kwa miaka mingi, kwa hiyo miji yake si migeni. Ubora wa vyuo vyake, hata hivyo, hutofautiana sana. Popote atakapokwenda, kabla ya kuuza ng'ombe au kukodisha shamba la mahindi, familia iulize mambo mawili kwa maandishi: kama Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu itaitambua shahada hiyo, na ni baraza gani la Kenya litakalompa mhitimu leseni ya kumgusa mgonjwa.

Swali hilo la pili ndilo linalouma. Muuguzi ana baraza lake, afisa wa kliniki ana lake chini ya sheria ya 2017, mfamasia vilevile. Aliyesomea moyo peke yake nje ya nchi anaweza kurudi na ujuzi ambao hospitali inauhitaji, akakuta orodha ya vyeo vya kaunti haina mstari wake. Huajiriwa kama kitu kingine, kwa mshahara wa kitu hicho kingine, au hubaki Nairobi kwenye hospitali za binafsi. Wengine hawarudi kabisa.

Kuna wanaosema shahada haihitajiki, na hoja yao ina uzito. Rwanda ilionyesha zaidi ya miaka kumi iliyopita kwamba wauguzi wa hospitali za wilaya wanaweza kufunzwa eko rahisi na kutambua aina kuu za moyo kushindwa. Mwezi Agosti 2022, mawaziri wa afya wa Afrika walipokutana Lomé, Togo, waliupitisha mpango wa PEN-Plus wa kupeleka huduma ya magonjwa sugu mazito, ukiwemo moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi, hadi hospitali za ngazi ya wilaya. Eko za siku hizi hutoshea mfukoni na huunganishwa na simu. Kwa nini basi kumpeleka kijana chuoni miaka minne?

Kwa sababu muuguzi huyo lazima afundishwe na mtu, na asimamiwe na mtu. Eko ya mfukoni humtenga mtoto mwenye shaka na asiye na shaka. Haitoi hesabu ambazo daktari wa upasuaji anazingoja. Betri ya moyo hukaguliwa na kurekebishwa kwa miaka yote ambayo mgonjwa anaishi nayo. Kipimo cha mchoro wa saa 24 huleta mapigo zaidi ya laki moja ambayo lazima mtu ayapitie. Endebess haihitaji mwenye shahada akae hapo siku zote. Inahitaji nesi au afisa wa kliniki anayeweza kupima kwa uhakika, na Kitale kuwe na mwenye shahada wa kumpigia simu, wa kurudia kipimo chenye utata, na wa kuja mara moja kwa mwezi na kifaa chake. Mpangilio huo ungewapunguzia wengi safari ya Eldoret, na wanaokwenda wangefika na ripoti inayoaminika badala ya kuanza upya foleni.

Njia fupi ya kuufikia mpangilio huo ni kuanza na walio tayari kazini. Afisa wa kliniki au nesi wa Trans Nzoia au Bungoma aliyeajiriwa, mwenye leseni na familia hapa, akilipiwa shahada ya moyo kwa mkataba wa kurudi, ana sababu zaidi ya kurudi kuliko kijana wa miaka 18 aliyepelekwa ughaibuni kwa harambee. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kina wagonjwa, kina mabingwa na kina mashine. Ndicho chuo kilicho karibu zaidi na sifa za kuianzisha shahada hiyo magharibi mwa Kenya. Wanafunzi wake wangefanya mazoezi Kitale, Webuye na Bungoma, ambako wagonjwa wa moyo hawajawahi kukosekana. Eneobunge la Endebess limewakilishwa na Dkt. Robert Pukose, daktari aliyewahi kuiongoza Kamati ya Afya ya Bunge la Taifa, kwa hiyo hoja hii haitakuwa ngeni masikioni mwa wanaotunga sheria.

Lakini cheo lazima kitangulie. Chuo hakitafungua darasa la kazi isiyo na ajira, na mzazi hatalipia. Kaunti ina mamlaka ya kuajiri wahudumu wake wa afya, na Katiba ya 2010 inaitaka isikilize maoni ya wananchi kabla ya kupitisha bajeti. Vikao hivyo huitishwa kila mwaka, na watu husimama kuomba barabara, mbolea na madarasa. Anaweza kusimama mmoja akaomba mtaalamu wa vipimo vya moyo Kitale, kwa cheo chake na mshahara wake, pamoja na siku ya kliniki ya moyo Endebess.